Paa Lililogawa Mvua

Mlima!

Mbona mmenyamaza? Bibi akiita "Mlima", mjukuu anaitika "Tupande". Ndivyo ninavyoanza leo, na asiyeitika hapati hadithi wala peasi. Haya tena. Mlima!

"Tupande."

Anton, umeitika kama mtu anayenyweshwa mwarobaini. Haidhuru. Isha, nipe kile kisu kidogo. Mimi namenya, nyinyi mnasikiliza, na mikono ikae mbali na bakuli mpaka nimalize.

Basi hapo kale, kale ambayo hata bibi yake bibi yangu hakuikuta, kale ambayo mkulima hajui ramani na mpaka wa msitu unawekwa kwenye shavu la mtoto, palikuwa na vilima. Shavu la mtoto, ndiyo, mmesikia sawasawa, nitafika huko. Palikuwa na vilima, na vipo mpaka leo. Isha, sogeza pazia. Unauona ule mstari mweusi nyuma ya mnara wa maji? Ndivyo vyenyewe.

Sisi tuliozaliwa Mlalo, kule Usambara, tukiambiwa ile ni milima tunatazamana. Siku babu yenu aliponileta huku Ujerumani alinisimamisha barabarani akaniambia, "Mke wangu, tazama milima yetu." Nikatazama. Nikatazama tena. Nikamwuliza, "Iko nyuma ya hivyo vilima?" Alininunia mpaka jioni.

Lakini vilima vile, wajukuu zangu, nimeishi navyo miaka mingi sasa, nimekoma kuvicheka. Havina kilele cha kujivunia. Ni mgongo mmoja mrefu, umelala kutoka mawio mpaka machweo, umefunikwa msitu tangu miguuni hadi juu, na ukiwa ndani yake huoni kitu ila mti, na nyuma ya mti mti mwingine. Unapanda bila kujua unapanda. Unashuka, ndipo magoti yanakwambia kwamba ulikuwa juu. Mtu anaweza kukaa mle ndani mwaka mzima, asiitwe jina lake hata mara moja.

Mgongo ule una pande mbili, na pande zile hazifanani. Upande wa kaskazini jua linafika kwa kuchelewa na linaondoka mapema. Huko imeota misonobari, myeusi, imesongamana, na theluji inakaa chini yake hata watu wengine wakiwa wameshapanda viazi. Upande wa kusini ni jua tupu. Huko imeota mibuche, ule mti wenye gome laini la kijivu. Naiita mibuche kwa sababu Kiswahili hakikuwahi kufika huku kuupa jina, na Wajerumani wanauita Buche, basi nimeuchukua na kuuvika kanga.

Chini upande wa kaskazini palikuwa na kijiji, watu wakikiita Kivulini. Chini upande wa kusini palikuwa na kijiji, watu wakikiita Juani. Si Juani ya kule Mafia, Anton, usijifanye mwerevu. Juani ya hapa.

Na maji. Sikilizeni habari ya maji, maana bila maji hadithi hii haipo. Mvua iliyonyesha upande wa kaskazini ilishuka Kivulini, ikaingia mtoni, mto ukaenda zake mpaka bahari ya baridi. Mvua iliyonyesha upande wa kusini ilishuka Juani, ikaingia mto mwingine, na mto huo ukapita nchi baada ya nchi mpaka bahari nyingine kabisa. Matone mawili yametoka wingu moja, yameanguka mahali pamoja, moja huku, moja kule, na hayataonana tena.

Kwa hiyo wazee wa vilima wakaweka sheria yao, wakaiona ni sheria ya Mungu. Walisema hivi: mtu ni wa bonde ambalo maji ya paa lake yanashukia. Paa lako likimwaga Kivulini, wewe ni wa Kivulini, utaoa huko, utazikwa huko. Likimwaga Juani, wewe ni wa Juani. Sheria nyepesi, hata mtoto anaielewa.

"Na kama nyumba iko juu kabisa?"

Ah, Isha. Mbona unanikatia kamba kabla sijaifunga? Tulia, mama.

Sasa habari ya shavu. Kila baada ya miaka kadhaa, yaani mtoto aliyezaliwa mwaka wa mzunguko mmoja alikuwa anang'oka meno ya mbele ukifika mwingine, watu wa Kivulini walitoka wote kuzunguka mpaka wa msitu wao. Walikwenda jiwe kwa jiwe. Mawe yale yalizikwa nusu, na chini ya kila jiwe wazee walikuwa wameficha vigae vilivyovunjwa kwa namna yake, ndio mashahidi, ili mjanja asihamishe jiwe usiku akasema lilikuwa hapo tangu enzi. Na kwenye kila jiwe walimchukua mtoto, wakamsimamisha, mzee mmoja akampiga kofi. Paa! Kisha akapewa peasi lililokaushwa, akaambiwa, "Umeona jiwe? Usilisahau."

Msinitolee macho. Hata mimi nilishangaa. Lakini fikirini wenyewe: karatasi huoza, wino hufutika, mzee hufa. Mtoto aliyepigwa kofi mahali, akapewa kitu kitamu palepale, atapakumbuka mahali hapo mpaka uzee. Kwa hiyo jiwe lililokosa shavu lilikuwa jiwe lililokosa shahidi, na hapana aliyelitambua.

Palikuwa na mtoto wa kike Kivulini, jina lake Walburga, nasi tutamwita Burga. Burga hakuwa na mama, hakuwa na baba. Alilelewa na kijiji, maana yake leo analala nyumba hii, kesho ile, na kila nyumba inadhani amekula nyumba ya jirani. Mtoto wa wote, ole wake, hana mwenyewe. Hakuna aliyemtesa, sitaki kuwasingizia watu wa kale. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyempakata. Walimpita tu.

Mwaka huo wa mzunguko Burga alibebeshwa kikapu cha mapeasi. Alipanda nacho kutoka jiwe hadi jiwe. Mtoto wa mkulima akapigwa kofi, akachukua peasi kikapuni. Mtoto wa mhunzi akapigwa kofi, akachukua peasi kikapuni. Burga akabeba, akameza mate. Walipokaribia juu, mvua ya barafu ikaanza. Watoto wakalia, mama zao wakawarudisha kwenye moto uliowashwa chini ya misonobari. Wazee wakaendelea kupanda wakiwa wameinamisha kofia. Wakafika jiwe la mwisho, jiwe la juu, pale ambapo mgongo unagawa maji. Wakageuka. Hakuna mtoto.

"Tutampiga nani?" akauliza mmoja.

Palikuwa na kijana mmoja kati yao, Gangolfi, ndiyo kwanza anaota ndevu. Akatazama nyuma akamwona Burga na kikapu chake. "Si huyu hapa? Na huyu naye ana shavu."

Akamvuta, akamsimamisha mbele ya jiwe, akampiga kofi. Halafu, kwa kuwa mtoto alikuwa mdogo na ametota, Gangolfi akamfuta uso kwa kiganja chake, akampa peasi, akamwambia, "Umeona jiwe? Usilisahau."

Wazee wote walikuwa wamesimama duara wanamtazama. Wote wanamtazama yeye. Na mkono wa mtu ulikuwa bado usoni pake. Mama mkwe wangu Hedwig, ambaye ndiye aliyenipa kisa hiki, alikuwa akifika hapa anaacha kufuma. Alisema ile ndiyo siku pekee ya utoto wake Burga aliyotakiwa na watu. Akalila lile peasi polepole sana, na jiwe hakulisahau.

Walipofika nyumbani, wale watoto wa wakulima waliulizwa na baba zao, "Mmefika mawe yote?" Wakajibu, "Yote." Nani angependa kusema alirudishwa kwa sababu ya baridi? Wakasema yote, wakaaminiwa, na wazee waliokuwa juu wakafa mmoja mmoja. Gangolfi peke yake alibaki, naye akasahau. Kwake lilikuwa kofi moja katika siku ya makofi mengi.

Burga akakua. Akaolewa na mchoma makaa aliyetokea mbali, mtu asiye na ukoo huku, jina lake Faiti. Mchoma makaa hakai kijijini, wajukuu zangu. Hupanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo, akayawasha kwa ndani, kisha anakaa hapo siku nyingi analinda moshi, maana tanuri likipumua vibaya linawaka lote na kazi imeharibika. Basi Faiti akamwuliza mkewe, "Tujenge wapi?" Burga akampeleka juu kabisa, hatua chache tu kutoka kwenye jiwe. "Hapa," akasema. Faiti hakuuliza kwa nini. Alikuwa mume mwenye adabu.

Ndiyo, Isha, sasa nakujibu. Nyumba yao ilikuwa juu kabisa ya mgongo. Mvua ikinyesha, upande wa mlangoni wa paa maji yalishuka Kivulini, upande wa nyuma yalishuka Juani. Paa moja, mabonde mawili. Na unajua watu walifanyaje? Kijiji cha Kivulini kikihitaji makaa, Faiti ni mwenzetu. Kijiji cha Juani kikihitaji mtu wa kuzima moto msituni, Faiti ni mwenzetu. Harusi ikija, ngoma ikija, Faiti ni wa wenzetu wale, labda watamwalika wao. Mwaka ukaja, mwaka ukaenda. Hawakujaliwa mtoto. Wakazeeka wawili, na moshi wao.

Mwanzoni mwa majira ya baridi, Faiti akafa.

Burga akamlaza vizuri bandani, akamfunika kwa matawi ya msonobari. Akajifunga shuka, akashuka Kivulini. Alishuka na kushuka, misonobari huku, misonobari huku, theluji mpaka magotini. Akagonga kwa mkuu wa kijiji. Mkuu wa kijiji wakati huo alikuwa nani? Gangolfi yuleyule, sasa ana mvi.

"Shikamoo, mzee," nasema mimi; Burga alisema kwa Kijerumani chao. "Mume wangu amefariki. Naomba kaburi kanisani, naomba padri, naomba watu wa kumwitikia."

"Pole sana, mama. Maji ya paa lako yanashuka wapi?"

"Ya mlangoni yanakuja kwenu, ya nyuma yanakwenda Juani."

Gangolfi akafikiri. "Na kitanda chake kilikuwa upande gani?"

"Nyuma."

"Basi alilala Juani, akafia Juani. Nenda kwa wenzetu, mama. Sisi tukimzika wa kwao watasema tumewavunjia sheria."

Burga akapanda. Alipanda na kupanda, akapita mlangoni kwake bila kuingia, akashuka upande wa pili. Alishuka na kushuka, mibuche huku, mibuche huku, mitupu, haina hata jani. Akagonga kwa mkuu wa Juani, mzee Vendelini.

"Mume wangu amefariki. Naomba kaburi kanisani, naomba padri, naomba watu wa kumwitikia."

"Pole sana, mama. Mlango wenu unatazama wapi?"

"Unatazama Kivulini."

"Ee, unaona? Mtu huingia na kutoka mlangoni. Aliingia humo nyumbani kwa mlango wa Kivulini, na atoke kwa mlango huohuo. Nenda kwa wenzetu, mama."

Hawakuwa watu wabaya, tena wote wawili walimpa mkate wa njiani. Hicho ndicho kinachonikera mimi. Angemfukuza kwa mbwa ningejua la kusema. Amekupa pole, amekupa mkate, amekufungia mlango taratibu ili usikuumize kidole.

Burga akarudi juu na mikate miwili. Ardhi ilikuwa imeganda, jembe linaruka kama limepiga chuma. Basi akafanya alichokuwa anajua kukifanya. Akapanga magogo karibu na jiwe la juu, akayafunika kwa majani, akawasha tanuri dogo la makaa, akakaa pembeni analinda moshi peke yake, siku kwa siku, mpaka ardhi ya chini ikalainika. Akafukua makaa, akachimba pale palipokuwa na joto. Akamburuta Faiti kwa sleji ya kuni, kile kigari cha theluji kisicho na magurudumu, akamlaza mle, kichwa chake karibu na jiwe. Hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo watu waliwahi kukusanyika kwa ajili ya Burga. Hakuwa na mahali pengine pa kumpa mumewe.

Sasa sala. Watu wale walikuwa na sala yao ya kuzikia, na ilikuwa ya kuitikiana. Mmoja anasema, "Huyu ametoka mbali, Bwana," na watu wanajibu, "Mpokee." Anasema, "Huyu amechoka, Bwana," nao wanajibu, "Mpumzishe." Burga alisema ya padri. Akangoja. Msitu haukujibu. Angeweza kujijibu mwenyewe, lakini aliona haya, kama mtu anayejigongea hodi na kujikaribisha. Akasema ya padri, akanyamaza mahali pa watu. Akasema tena, akanyamaza tena. Akamaliza hivyo, akafukia, akaingia ndani. Katika baridi yote ile kitu kimoja ndicho kilichomnyima usingizi, kwamba Faiti hakuitikiwa.

Anton, acha peasi. Nimekuona.

Baridi ikapungua, ikaja dhoruba. Ilivuma juu ya mgongo mpaka ikalaza miti mikubwa chini, mti juu ya mti, kutoka nyumba ya Burga hadi mbali huko. Miti iliyoanguka ni mbao, na mbao ni mali. Siku ya pili, watu wa Kivulini wakapanda na mashoka. Watu wa Juani nao wakapanda na mashoka. Wakakutana juu, mbele ya nyumba ya Burga, ambako tangu Faiti afe haukufika mguu wa mtu.

"Hii miti ni ya kwetu," wakasema wa Kivulini.

"Ya kwenu inaishia wapi? Tuonyesheni jiwe," wakasema wa Juani.

Gangolfi akageuka kwa watu wake. "Nani alipigwa kofi jiwe la juu?"

Wale watoto wa zamani, sasa ni wanaume wenye vitambi, wakatazama viatu. Mmoja akasema ni kule kwenye kisiki. Mwingine akasema ni huku kwenye chemchemi. Wa Juani wakacheka, nao walipoulizwa wakaonyesha pande tatu tofauti. Kicheko kikaisha. Mtu akamsukuma mtu, mtu akainua shoka, na kweli, wajukuu zangu, palibaki kidogo damu imwagike.

Burga akatoka mlangoni. "Jiwe nalijua mimi," akasema.

Wote wakageuka. Vendelini akawahi: "Mama yetu, si wewe ni wa Juani? Tuonyeshe." Gangolfi naye: "Mama yetu, wewe ni mtoto wa Kivulini, tumekulea." Ghafla ana watoto wawili wa kumtaka! Siku ya mauti hakuwa wa mtu, siku ya mbao ni mama wa wote.

Burga akawaangalia. Hakuwatukana, ingawa mimi ningewatukana, tena kwa Kishambaa. Akasema, "Nitawaonyesha. Lakini kwanza mniitikie."

"Tuitikie nini?"

Hakueleza. Akatembea mpaka kwenye udongo ulioinuka, wenye vumbi jeusi la makaa, akasimama. Wakamfuata. Akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaongea na mtu muda mrefu, "Huyu ametoka mbali, Bwana."

Walielewa. Nawaambia, walielewa wote kwa mara moja. Mashoka yakashuka. Mmoja akavua kofia, wote wakavua kofia. Wakajibu, Kivulini na Juani, kwa mdomo mmoja, "Mpokee."

"Huyu amechoka, Bwana."

"Mpumzishe."

Akawapeleka mpaka mwisho wa sala, hakuruka hata neno. Alipomaliza alilia, kwa sababu sasa angeweza. Kisha akainama kichwani pa kaburi, akafagia majani kwa mkono, na jiwe likaonekana, limevaa ukungu wa kijani. Wakachimba kwa pembeni taratibu wasimguse marehemu, wakakuta vigae chini yake, wale mashahidi. Mpaka ulipita hapo hapo, juu ya Faiti, kutoka kichwani hadi miguuni, ubavu mmoja huku, ubavu mmoja kule.

"Umelijuaje?" Gangolfi akamwuliza.

"Ulinipiga hapa," Burga akajibu. "Kulikuwa na mvua ya barafu. Ulinifuta uso."

Gangolfi akatazama mkono wake. Akautia mfukoni.

Wakagawana miti kwa amani, nusu huku, nusu kule. Na kabla ya kuondoka, aibu ikiwa bado inawachoma, wakamwambia Burga, "Mama, usikae peke yako huku juu. Shuka."

"Nishuke kwa nani?" akauliza.

Kivulini wakawatazama Juani. Juani wakawatazama Kivulini. Kila mmoja alikuwa na nyumba, kila mmoja alikuwa na chumba, na kila mmoja akangoja mwenzake aseme "kwangu".

Basi Gangolfi akasema, "Tutapanda sisi. Nakuahidi mbele ya watu wote hawa. Mzunguko ujao tutapanda pande zote mbili, na watoto, tutakaa nawe hapa kwenye jiwe." Wote wakaitika, "Tutapanda." Burga akafurahi. Akasema, "Basi mapeasi nitakausha mimi. Nina mti wangu mmoja nyuma ya nyumba."

Wakashuka. Alisimama mlangoni akisikiliza sauti zikiteremka, hizi huku, zile kule, mpaka pande zote mbili zikanyamaza.

Ahadi ni deni, na watu wale walilipa. Sikilizeni walivyolipa. Walisema mzunguko ujao, wakangoja mzunguko ujao. Mtoto akazaliwa, akatambaa, akatembea, akaanza kung'oka meno. Muda wote huo hapana aliyesema, "Hebu leo nipande nimjulie hali yule mama." Si walikuwa wameahidi siku maalumu? Waliuona moshi wake juu ya miti wakasema, "Yupo." Mwaka wa mwisho hawakuuona, wakasema, "Ukungu."

Siku ikafika. Wakapanda Kivulini, wakapanda Juani, na watoto wao, na nyimbo. Gangolfi mzee kabisa, ameshikwa mikono. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Burga alikuwa kwenye kiti chake, na padri aliyepanda nao alisema mama huyo alikuwa hapo tangu theluji ya kwanza. Mbele yake mezani palikuwa na kikapu cha mapeasi makavu, yamefunikwa kitambaa safi. Mti mmoja hauzai mapeasi mengi hivyo kwa msimu mmoja. Alikuwa ameweka ya kila mwaka, kila mwaka akiongeza, asije akapungukiwa siku ya watoto.

Walimzika jirani na mumewe. Waliitikia kwa nguvu, mpaka mabonde yote mawili yakasikia. Hakuna aliyeuliza maji yake yanashuka wapi. Watoto wakapewa yale mapeasi. Yalikuwa matamu, na hakuna aliyepigwa kofi siku hiyo. Hawakulisahau jiwe lile hata hivyo.

Tangu hapo hawakungoja tena mzunguko. Kila mwaka, theluji ikikaribia, watoto wa pande zote mbili hupanda na kikapu cha mapeasi. Hedwig alinipeleka mwaka wangu wa kwanza huku, nikiwa sijui lugha, nikiwa nalia kila nikiosha vyombo. Tulipanda bila kujua tunapanda. Juu nikakuta jiwe, na mawe manne ya nyumba iliyokufa, basi.

"Sasa wanampelekea nani, Bibi?"

Hakuna mtu, Anton. Wanafika, wanaweka kikapu, wanashuka. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Watu wa vilima wamejifunza kupanda, na aliyewafundisha hayupo wa kupandiwa. Majuto ni mjukuu. Nanyi ni wajukuu, kwa hiyo mnaelewa.

Basi shikeni hili. Mtu si wa upande ambao maji ya paa lake yanashukia. Mtu ni wa wale wanaompandia. Na usimpandie siku uliyopanga wewe. Mpandie siku umemkumbuka.

Haya, nimemaliza kumenya. Anton, lete sahani, ile nzuri. Isha, panga vipande, usile, hivyo vya kwako nimevitenga. Sasa niambieni, yule Bibi Kettler wa ghorofa ya juu, mmemwona lini?

"Sijui, Bibi. Wiki iliyopita?"

"Taa yake jana ilikuwa inawaka. Yupo."

Yupo, ee? Umesema kama watu wa Kivulini. Mimi magoti yangu hayanipandishi ngazi tena, ningekwenda mwenyewe. Shikeni sahani kwa mikono miwili. Mkigonga, ngojeni, anachelewa kufika mlangoni. Akiwakaribisha, kaeni, na msiangalie saa.

Kisa changu nimekitua jiweni, atakayekipata akibebe mwenzangu. Mlima!

"Tupande."

Haya, nendeni. Mlango nauacha wazi niwasikie.